Mashine, tumbo au figo mpya: kuchagua tiba kabla dharura haijakuchagulia

Wagonjwa wengi wa figo katika ukanda wetu hawajawahi kuchagua tiba yao. Mtu huletwa hospitali usiku akihema, miguu imejaa maji, potasiamu iko juu. Anawekewa mpira shingoni, anaunganishwa na mashine, na kuanzia siku hiyo mashine ndiyo tiba yake. Familia huja kusikia miezi baadaye kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Ulinganisho huu ni wa mgonjwa na familia ambao bado wana muda, hasa pale eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) inaposhuka chini ya 30. Njia ziko nne: kusafisha damu kwa mashine, kusafisha kupitia tumbo nyumbani, kupandikizwa figo, na kutunzwa bila kusafishwa damu. Msimamo wetu tuuseme mapema. Njia inayosifiwa zaidi vitabuni na njia ambayo nyumba yako inaweza kuibeba kila wiki bila kukatika zinaweza kuwa mbili tofauti, na maisha ya mgonjwa yanategemea zaidi hiyo ya pili.

Kwanza soma namba zako

Usiamue kwa kreatinini, yaani taka ya misuli inayotolewa na figo, peke yake. Kreatinini ya mikromoli 130 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni eGFR ya karibu 67. Kreatinini hiyohiyo kwa bibi wa miaka 75 ni eGFR ya karibu 37. Maabara isipoandika eGFR, mwombe daktari aikokotoe, kwani inahitaji kreatinini, umri na jinsia tu. Matokeo mabaya yaliyopatikana siku ya malaria kali au kuharisha yarudiwe, maana ugonjwa huitwa sugu ukidumu miezi 3 au zaidi. Kipimo kinachosahaulika ni albumini (aina ya protini) ya mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo. Ikizidi miligramu 300 kwa gramu, figo inavuja sana na inaweza kushuka haraka hata kama eGFR bado ni 50.

Hatua ya 3 ni eGFR ya 30 hadi 59, ya 4 ni 15 hadi 29, na ya 5 ni chini ya 15. Katika hatua ya 3 kazi kubwa ni kupunguza kasi: presha iwe chini ya 130/80, losartan au enalapril, dawa za presha zinazolinda figo, kwa anayevuja protini, dapagliflozin au empagliflozin, dawa za kisukari zinazolinda figo pia, miligramu 10 kwa siku kwa anayefaa hata kama hana kisukari, na kuachana kabisa na diclofenac na ibuprofen zinazonunuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo. Dozi ya metformin, dawa ya kisukari, hupunguzwa eGFR ikiwa chini ya 45 na husimamishwa ikiwa chini ya 30.

Kuna kosa linalorudiwa mno kliniki. Mgonjwa anaanzishiwa losartan, kreatinini inapanda kidogo, dawa inaachishwa. Kupanda hadi asilimia 30 kunakubalika, kwa sababu dawa hiyo hupunguza shinikizo ndani ya vichujio vya figo na hapo ndipo inapovilinda. Pima kreatinini na potasiamu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza. Kreatinini ikipanda zaidi ya hapo, au potasiamu ikikataa kushuka, daktari aangalie upya. Siku za kutapika au kuharisha sana, losartan, metformin na dapagliflozin husitishwa mpaka mtu aweze tena kula na kunywa.

Vitu vitatu vya kulinda ukiwa hatua ya 4

Hata kabla hujachagua, kuna mambo yakiharibika yanakufungia njia.

La kwanza ni mishipa ya mikono. Fistula, ambayo ndiyo njia salama zaidi ya kutolea damu kwenda kwenye mashine, hutengenezwa kwa mshipa wa mkono, mara nyingi mkono usioandikia. Kila dripu inayowekwa kwenye kiwiko au juu ya kifundo cha mkono huo inaweza kuuziba mshipa. Mwambie kila muuguzi achome kwenye mgongo wa kiganja, na ikiwezekana wa mkono unaoandikia.

La pili ni kuongezewa damu. Damu ya mtu mwingine huufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya chembe za watu wengine, na kingamwili hizo zinaweza kumkataa ndugu ambaye baadaye angekutolea figo. Upungufu wa damu wa ugonjwa wa figo hutibiwa kwanza kwa madini ya chuma na sindano za erythropoietin, homoni inayochochea mwili kutengeneza damu. Damu ibaki kwa ajili ya hali isiyosubiri.

La tatu ni chanjo ya homa ya ini B. Ianze mapema, kwa sababu mwili wa mgonjwa aliyekwisha kufika kwenye mashine huitikia chanjo kwa udhaifu, na huko hulazimika kupewa dozi maradufu.

Mashine ya kituoni

Hii ndiyo njia iliyoenea zaidi kwetu. Kenya ilipeleka mashine kwenye kaunti nyingi kuanzia 2015 kupitia mpango wa kukodi vifaa vya hospitali. Tanzania huduma iko katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma na ya rufaa ya Mbeya, na Zanzibar iko Mnazi Mmoja.

Kipindi kimoja huchukua saa 4. Damu hutoka mwilini kwa kasi ya mililita 250 hadi 400 kwa dakika, hupita kwenye kichujio na kurudi. Upande wa pili wa kichujio hupita maji yaliyosafishwa na kuchanganywa na chumvi kwa vipimo, kwa kawaida mililita 500 kwa dakika, yaani lita 120 kwa kipindi kimoja. Kwa hiyo kituo kisicho na maji ya uhakika, mtambo wa kuyasafisha na umeme wa akiba kitakuahirishia vipindi, na ni haki yako kuuliza mambo hayo kabla ya kujiandikisha.

Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine mara 3 kwa wiki hukupa saa 12, mara 2 hukupa 8. Mara 3 ndicho kiwango cha kawaida duniani. Wagonjwa wengi kwetu wamezoea mara 2, na kwa miaka mingi bima ya NHIF ya Kenya ililipia mara 2. Sasa nafasi yake imechukuliwa na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) tangu Oktoba 2024, kwa hiyo uliza ofisini kiwango kinachotumika leo. Mara 2 zinaweza kumtosha kwa muda mgonjwa ambaye bado anapata mkojo wa kutosha. Mkojo ukikauka hazitoshi. Hatari iko kwenye pengo refu la siku 3 au 4, ambapo maji na potasiamu hujikusanya na moyo unaweza kusimama ghafla. Kama huwezi kulipia zaidi ya vipindi 2, angalau visibanane: Jumatatu na Alhamisi ni bora kuliko Jumatatu na Jumatano.

Maji yanayoongezeka kati ya vipindi yasizidi kama asilimia 4 ya uzito mkavu, yaani uzito wa mwili usio na maji ya ziada. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama kilo 2.4. Sababu yake ni hesabu rahisi. Mashine isitoe zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 60 ni mililita 780 kwa saa, au lita 3.1 kwa saa 4. Aliyekuja na lita 5 atatolewa kwa nguvu, presha itaanguka, misuli ya miguu itakaza kwa maumivu makali, na bado atarudi nyumbani na maji. Wengi wanaosema mashine imewatesa wameteswa na maji waliyokuja nayo. Kipimo cha kunywa ni mkojo wa saa 24 ukiongeza nusu lita. Kumbuka kiu huletwa na chumvi: asiyepunguza chumvi hawezi kushinda kiu kwa ushujaa.

*Fistula au mpira wa shingoni?* Hapa hatusiti: fistula, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena za mkono, vena inapanuka na kukomaa kwa wiki 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, na nyingine hazikomai kabisa na hurudiwa. Ndiyo maana hutengenezwa miezi kama 6 kabla ya kuhitajika. Ikikomaa, ukiigusa utahisi mtetemo kama wa simu iliyozimwa sauti. Iguse kila asubuhi. Mtetemo ukipotea, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kuondolewa ikiwahiwa. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haubebi ndoo, haulaliwi.

Mpira wa shingoni una faida moja tu kubwa, kwamba unatumika siku ileile unapowekwa. Lakini ni njia ya moja kwa moja ya vijidudu kuingia kwenye damu. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya kuunganishwa na mashine ana maambukizi ya mpira mpaka ithibitike vinginevyo. Damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla ya antibayotiki, na dawa ianze mara moja. Mpira ukikaa muda mrefu huziba vena kubwa za kifuani, na hapo hata fistula ya mkono wa upande huo inaweza kushindikana.

Tumbo, nyumbani

Kusafisha kupitia tumbo hutumia utando unaozunguka utumbo kama kichujio. Mpira laini huwekwa chini ya kitovu kwa upasuaji mdogo, hupumzishwa kama wiki 2 ili usivuje, kisha mgonjwa hufundishwa. Kila mzunguko una sehemu tatu: kutoa maji ya zamani kwa dakika kama 20, kuingiza lita 2 mpya za maji ya dawa kutoka kwenye mfuko kwa dakika kama 10, na kuyaacha tumboni saa 4 hadi 6. Wengi hufanya mizunguko 4 kwa siku, kila siku. Nguvu ya kuvuta maji ya ziada mwilini hutoka kwenye sukari iliyomo kwenye dawa. Mfuko wa asilimia 1.5 huvuta kidogo, wa 2.5 zaidi, wa 4.25 sana.

Faida zake ni kubwa kwa mtu anayeishi mbali. Hakuna sindano, hakuna nauli mara tatu kwa wiki, presha haipandi na kushuka ghafla, na figo zilizobaki huendelea kutoa mkojo kwa muda mrefu zaidi. Chakula pia huwa na nafasi zaidi, kwa sababu potasiamu hutolewa kila siku. Hong Kong imewaanzishia wagonjwa njia hii kwanza tangu 1985. Thailand ilifanya hivyo katika bima yake ya umma kuanzia 2008, kabla ya kumwachia mgonjwa achague mwaka 2022. Madai kwamba hii ni tiba ya kubahatisha si kweli. Kwa miaka ya mwanzo matokeo yake hayapishani sana na ya mashine.

Tatizo letu ni mifuko. Mizunguko 4 ya lita 2 kwa siku 30 ni mifuko 120, yaani lita 240 na zaidi ya kilo 240 za mzigo kila mwezi. Inahitaji chumba kikavu kisicho na jua wala panya, na barabara inayopitika hata msimu wa masika. Dawa hiyo kwa sehemu kubwa huagizwa nje, na ikikosekana wiki moja mgonjwa anarudi kwenye mpira wa shingoni. Afrika Mashariki njia ya tumbo imetumika zaidi kwa watoto na kwa figo zilizoshindwa ghafla, kama KCMC walivyofanya. Kwa ugonjwa sugu wa mtu mzima ni vituo vichache vinavyoitoa. Usikubali kuanza kabla hujaonyeshwa nani anakuletea mifuko, mara ngapi, nani analipa, na akiba ya wiki mbili itakaa wapi.

Kinachoharibu ni maambukizi ya utando. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maji yanayotoka yakiwa na ukungu, kiasi kwamba huwezi kusoma maandishi yaliyo nyuma ya mfuko. Maumivu ya tumbo na homa huweza kufuata. Hifadhi mfuko huo, nenda nao kituoni. Seli nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, zaidi ya nusu zikiwa nyutrofili (aina ya seli nyeupe), ni maambukizi, na antibayotiki hutiwa ndani ya mifuko yenyewe. Chanzo mara nyingi ni uchafu unaoingia wakati wa kuunganisha: maji yasiyotiririka, taulo ya familia, kufungua kiungo mbele ya feni, kuongea bila barakoa wakati wa kuunganisha. Nyumba haihitaji kuwa ya kifahari. Inahitaji maji safi ya kutiririka hata kutoka kwenye dumu lenye bomba, sabuni, meza inayofutika, mlango unaofungwa, na mtu ambaye hatafupisha hatua akichoka.

| | Mashine kituoni | Tumbo nyumbani |
|---|---|---|
| Muda | Saa 4, mara 2 hadi 3 kwa wiki, pamoja na safari | Dakika 30 hadi 40 mara 4, kila siku |
| Maandalizi | Fistula, wiki 6 hadi 12 au zaidi | Mpira wa tumbo, kama wiki 2 |
| Nani anafanya | Wauguzi | Mgonjwa au ndugu aliyefundishwa |
| Hatari kuu | Maambukizi ya mpira, presha kuanguka, pengo refu | Maambukizi ya utando, mifuko kukosekana |
| Sukari ya damu | Haiongezwi sana | Hupanda kwa sukari ya mifuko. Insulini hurekebishwa |
| Haifai sana | Moyo dhaifu sana, mishipa iliyokwisha | Makovu mengi ya upasuaji wa tumbo, ngiri isiyorekebishwa |

Figo ya kupandikizwa

Kwa mtu anayefaa, hakuna kinacholingana nayo kwa urefu wa maisha wala kwa uhuru. Figo kutoka kwa mtoaji aliye hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20. Matokeo ni mazuri zaidi ikipandikizwa kabla ya kuanza mashine, kwa hiyo mazungumzo ya mtoaji yaanze eGFR ikikaribia 20. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza ndani ya Tanzania Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ikafuata 2018. Kenya imekuwa na huduma hiyo kwa miongo, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ikiwa miongoni mwa walioanza. Figo zinazopandikizwa kwetu hutoka kwa watu walio hai, kwa kawaida ndugu.

Makundi ya damu ndiyo mlango wa kwanza: wa O huweza kumpa yeyote, wa AB hupokea kutoka kwa yeyote. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa kwa alama za tishu, ingawa kulingana kabisa si sharti. Mtoaji hapaswi kuwa na kisukari, presha isiyodhibitiwa au protini kwenye mkojo, na anayetoka familia yenye figo za vifuko lazima apigwe picha kwanza. Hofu kwamba mtoaji atakuwa mgonjwa daima au hatazaa haina msingi. Figo inayobaki huongezeka na kubeba kazi. Ila hatari ndogo zipo na aelezwe: uwezekano wa figo yake kushindwa huongezeka kidogo, na mwanamke akishika mimba baadaye, kifafa cha mimba kinaangaliwa kwa makini zaidi. Akihitaji muda wa kufikiri apewe, na akikataa familia isimtenge. Kununua figo ni kosa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakataza malipo kwa kiungo.

Wengi hukusanya fedha za upasuaji kwa harambee na kusahau dawa. Tacrolimus, mycophenolate na prednisolone ndizo dawa za kawaida za kuuzuia mwili usiikatae figo, na ni za kila siku maisha yote ya figo hiyo. Mwezi mmoja bila dawa unatosha kuipoteza. Kabla ya tarehe ya upasuaji jiulizeni: nani atalipia dawa mwaka wa tatu, harambee ikiwa imesahaulika? Kama bima inalipa, pata jibu kwa maandishi na ujue ni famasia ipi huwa nazo.

Tacrolimus humezwa kila baada ya saa 12 kwa saa zilezile. Siku ya kupima kiwango chake, damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukimeza nyumbani kipimo kinapotosha. Balungi halifai. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hushusha tacrolimus kwa kiasi cha kuweza kusababisha figo kukataliwa. Erythromycin, clarithromycin, fluconazole na diltiazem huipandisha hadi kuidhuru figo. Hivyo hakuna dawa ya duka la mtaani bila kumpigia daktari wa figo. Mycophenolate hudhuru mimba, na mwanamke anayetaka mtoto husubiri angalau mwaka, kisha hubadilishiwa dawa kwanza. Chanjo zenye vijidudu hai hazitolewi tena baada ya upandikizaji.

Kutunzwa bila kusafishwa damu

Njia hii huonekana kama kukata tamaa, na ndiyo maana haitajwi. Kwa mzee wa miaka zaidi ya 75 mwenye moyo dhaifu, kiharusi cha zamani au ugonjwa wa kusahau, mashine mara nyingi huongeza muda mdogo au haiongezi kabisa, na muda huo huishia kwenye gari na kitandani kituoni. Utunzaji una kazi zake: furosemide ya kutoa maji, bikaboneti kwa asidi, madini ya chuma na erythropoietin kwa uchovu, gabapentin kwa dozi ndogo sana kwa kuwashwa, dawa za kichefuchefu. Morphine ya maji inayotumika sana katika huduma shufaa hapa kwetu hujikusanya figo zikishindwa. Dozi iwe ndogo na iachanishwe, na kusinzia kupita kiasi au kushtukashtuka kwa misuli ni ishara ya kuipunguza. Anayestahili kuulizwa ni mzee mwenyewe, angali na akili timamu, si watoto wake peke yao korido ya hospitali.

Chakula hugeuka kulingana na njia

Hapa familia nyingi hukosea kwa upendo. Kabla ya kusafishwa damu, protini hupunguzwa hadi kama gramu 0.8 kwa kilo ya uzito. Ukianza mashine au tumbo hupandishwa hadi gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu protini hupotea, hasa njia ya tumbo ambako gramu 5 hadi 10 huondoka na maji kila siku. Mgonjwa aliye kwenye mashine anayeendelea kunyimwa samaki na mayai hudhoofika na kupata maambukizi.

Potasiamu huwabana zaidi walio kwenye mashine: ndizi, parachichi, maji ya madafu, tende, machungwa, nyanya za kopo, viazi. Viazi na muhogo vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe. Wakati wa Ramadhani, futari ya tende na madafu inaweza kumpeleka mgonjwa hospitali usiku huohuo, na suala la kufunga lijadiliwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Chumvi mbadala za dukani nyingi ni potasiamu tupu. Birimbi ya achari ya pwani ina oksalati nyingi zinazoganda ndani ya figo, na tunda la nyota linaweza kumletea mgonjwa kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa na degedege. Yote mawili yaachwe. Fosfeti iko kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa, soda nyeusi na maziwa; vidonge vya kuifunga humezwa pamoja na chakula, kwani vikimezwa saa mbili baadaye havina kazi.

Kwa hali yako

Mtu wa chini ya miaka 60 mwenye moyo mzima na ndugu aliye tayari: tafuta upandikizaji kwanza, na fistula itengenezwe sambamba iwapo mambo yatachelewa. Anayeishi saa nyingi kutoka kituoni lakini ana barabara, chumba na mtu makini: uliza njia ya tumbo, hata ikibidi kwenda mkoa mwingine kufundishwa. Mtoto mdogo: tumbo, kisha figo, kwa sababu kukua kwake hakusubiri. Anayeishi peke yake mjini karibu na kituo, mikono ikitetemeka au macho yamefifia kwa kisukari: mashine, kwa fistula. Mwenye kisukari cha muda mrefu apimwe moyo kabla ya lolote. Kubadili njia baadaye kunaruhusiwa, na wengi hupita mbili au tatu.

Kuhusu lini kuanza, usikimbilie namba. Utafiti wa IDEAL wa Australia na New Zealand, uliochapishwa 2010, ulilinganisha walioanza mapema na waliosubiri dalili, na walioanza mapema hawakuishi zaidi. Wengi huanza eGFR ikiwa kati ya 5 na 10, wakiwa na kichefuchefu cha kudumu, kuwashwa, kukonda au maji yasiyotoka kwa furosemide. Wale wanaodai mashine huua wanaona watu waliofika wakiwa wamechelewa. Mgonjwa mwenye fistula iliyokomaa anaweza kusubiri dalili hizo akiwa nyumbani, kliniki ikimpima kila mwezi. Yeyote mwenye figo dhaifu, awe amechagua njia yoyote, aende hospitali saa hiyohiyo akishindwa kupumua akilala chali, akilegea misuli ghafla au moyo kupiga ovyo, akichanganyikiwa, akipata maumivu ya kifua yanayozidi akivuta pumzi, au potasiamu ikisomeka 6.5 au zaidi.